Jibu: Gari la mizigo limegusa ndege iliyoegeshwa, je, hiyo ni ajali?

Salaam aleikum, ndugu.

Umeuliza kama gari la kupakia mizigo lililogusa ubavu wa ndege tupu hapa Mombasa limesababisha ajali, kwa kuwa msimamizi wako amesema halihitaji kuripotiwa.

Tazama kwanza kama yupo mtu aliyekwisha kupanda kwa nia ya kusafiri. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, huhesabu ajali ya ndege ya abiria tangu mtu wa kwanza apande kwa nia hiyo hadi wote washuke, na ndani ya muda huo pawe na kifo, jeraha kubwa, au uharibifu unaodhoofisha uimara wa muundo wa ndege. Kwa hiyo, kama hakuna aliyekuwa amepanda, tukio hilo haliitwi ajali, na kwa jina msimamizi yuko sahihi, ila hitimisho lake kwamba halihitaji kuripotiwa silikubali hata kidogo.

Katika kazi yangu ya kuhudumia ndege nimeona mkwaruzo usiozidi upana wa kiganja ukaizuia ndege kuruka, maana ubavu wa nyuzi za kaboni huweza kupasuka tabaka za ndani huku rangi ya nje ikibaki nzima. Basi mjulishe fundi na rubani kabla ya safari, usiupanguse mkwaruzo, piga picha, kisha ujaze fomu ya usalama ya kampuni ukiandika saa, namba ya gari na mahali palipoguswa. Iwapo abiria walikuwa wameanza kupanda, suala hilo huenda likawa la Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, ambayo huchunguza ili kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa.