Maswali ya Wasomaji: Namba iliyo kwenye daftari la babu

Swali: Asalaam aleikum Mama. Babu yetu amefariki hapa Bombo akiwa na miaka 102. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi, akafundisha umakanika kwa zaidi ya miaka thelathini. Arobaini yake inakaribia na wazee wamenipa kazi ya kusoma wasifu wake. Baba zangu wadogo wanataka niseme vita tu. Lakini babu mwenyewe hakupenda habari za vita. Tukimuuliza kulikuwaje, alijibu “matope”, akanyamaza. Ameacha pia daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika 1 5 3 6 2 4, na chini yake SABA. Sisi tunadhani ni namba yake ya jeshi. Niisome mbele za watu? Na sanduku lake la spana tumpe nani?
Mjukuu, Bombo

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Poleni sana kwa msiba, Mungu amrehemu mzee wetu.

Nianze na hiyo namba, kwa sababu nilipoisoma kwenye barua yako moyo ulinienda mbio. Si ya jeshi. Huo ni mpangilio wa kuwaka kwa injini ya silinda sita zilizo katika mstari mmoja, kama zile za malori ya Bedford yaliyojaa barabara zetu zamani. Ya kwanza ikishawaka, inafuata ya tano, kisha ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Na SABA ndiyo hazina yenyewe. Silinda hizo huenda mbili mbili, na kila jozi ukiijumlisha unapata saba: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Ukitaka kuseti tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, za silinda ya kwanza, unazungusha injini polepole huku ukitazama valvu za silinda ya sita. Zinapopokezana, ya kutoa moshi inafunga na ya kuingiza inaanza kufunguka, basi pistoni ya silinda ya kwanza iko juu kabisa, valvu zake zote mbili zimefunga, na unaweza kupima nafasi yake bila wasiwasi. Makanika anayeijua saba hahitaji kitabu. Lori likimfia njiani usiku, anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kupapasa.

Naijua kwa sababu nami nilifundishwa na mzee wa KAR, Jinja, miaka ile baada ya 1972. Waasia walikuwa wamefukuzwa kwa amri ya Amin iliyowapa siku 90, wengi wa wenye magereji na maduka ya vipuri wameondoka, na spea ukiipata ni ya magendo. Mwalimu wetu hakutuacha tukae kungoja spea. Alitufundisha kukata gasketi, ile ya kuziba kati ya vyuma viwili visivuje, kwa karatasi ngumu: unailaza juu ya chuma, unagonga pembeni taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka ukingo wa chuma wenyewe unaikata, halafu unapaka grisi. Kabla ya kazi spana zilipangwa juu ya turubai na kuhesabiwa. Baada ya kazi zilihesabiwa tena, na ikipungua moja hakuna anayekwenda kula. Nilikuwa msichana peke yangu darasani na alinihesabia spana sawa na wavulana. Mpaka leo nampenda kwa hilo. Wazee kama hao ndio walioyafanya mabasi na malori ya nchi hii yaendelee kutembea, na inaniuma kwamba tukiwazika tunawataja kwa bunduki peke yake.

Vita visiachwe, lakini vielezwe kwa neno lake mwenyewe. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, Burma, wakati wa masika makali ya kule. Barabara iligeuka tope, malori yakazama, watu wakayasukuma na kuyavuta. Desemba walifika mto Chindwin, na pale Kalewa likajengwa daraja la vyuma la kuunganisha, urefu wake karibu mita 350. Kwa hiyo “matope” halikuwa jibu la kukwepa. Ila usiseme babu alivuka daraja lile mpaka uone kikosi chake kwenye cheti cha kuachiwa jeshi. Kama cheti kimepotea, sema alikuwa Burma na uishie hapo.

Baba zako wadogo waambie kwa heshima: vita vilimchukua miaka michache, darasa lilimchukua zaidi ya thelathini. Aya moja ya Burma inatosha. Zilizobaki ziwe za karakana, na hizo huwezi kuziandika peke yako. Nenda Kampala, Katwe na Kisekka wanakouza vipuri, ulizia waliofundishwa naye. Wengine wenyewe ni wazee sasa, usichelewe.

Sanduku la spana ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo warithi wakae wakubaliane kwanza, hata kama thamani yake ni ndogo. Mimi ningeomba liende kwa anayefanya kazi hiyo, awe wa ukoo au mwanafunzi wake, si kuwekwa sebuleni. Daftari msilitoe kabla ya kupiga picha kila ukurasa, hata yenye madoa ya oili.

Siku yenyewe, soma kwa dakika kumi, namba uisome na uieleze, kisha waite wanafunzi wake wasimame waseme. Wapange kabla ya chakula, maana watu wakishakula wanaanza kutafuta viatu vyao.