Muulize Shangazi: Usiku huu ni zamu ya nani?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala Charambe. Wa kwanza ni binti wa miaka 11, yuko darasa la tano. Wa pili ni mvulana wa miaka 6, na mwaka jana daktari alituambia ana usonji (autism), yaani ubongo wake unakua tofauti na wa watoto wengine. Haongei, ila hutamka "maji" na "twende". Shida yangu kubwa ni usiku. Analala saa tatu, ikifika saa nane anaamka, anaruka kitandani, anacheka, anapiga mlango mpaka kunakucha. Mume wangu anaendesha bajaji. Anarudi saa tano usiku yuko hoi, na saa kumi na moja alfajiri anatoka tena, siwezi kumwamsha. Nyumba ni ya kupanga na wapangaji wenzangu wameanza kusema. Mama mkwe anataka mtoto apelekwe kijijini kwa mtaalamu, anadai amechezewa, maana kwao hakuna ugonjwa wa namna hii. Wiki iliyopita mwalimu wa binti yangu aliniita: mtoto anasinzia darasani. Kumbe usiku huwa anaamka kunisaidia kumshika mdogo wake. Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Niambie, Shangazi, nimekosea wapi?
Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Na pole, pole sana.

Nianze na ulipomalizia. Hukukosea popote. Usonji ulielezwa kitabibu mwaka 1943 na daktari Leo Kanner huko Marekani, na kwa miaka mingi baada ya hapo wapo wasomi wakubwa walioshikilia kwamba unaletwa na mama asiyempenda mwanawe. Wanawake wasio na hatia waliambiwa hivyo hospitalini, wakarudi nyumbani na mzigo huo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mwana mwenye usonji, alionyesha kwamba madai yale hayakuwa na ushahidi, na kwamba chanzo ni namna ubongo unavyokua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Kwa wingi wa watu wa Mbagala, amini wako mama wengine wanaokesha kama wewe, ila milango imefungwa.

Sasa usiku. Kijana wangu ana miaka 19 leo. Alipokuwa na umri wa mwanao tulikaa Temeke, chumba na sebule, na yeye saa yake ya kuamka ilikuwa saa tisa kasoro. Nilikaa hivyo karibu miaka miwili bila kumwambia mtu. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji kwenye jiko la mkaa, nikasinzia nimesimama. Sufuria ilipinduka, uji ukanimwagikia mkononi. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka pale. Kovu ninalo mpaka leo, na kila nikiliona nakumbuka ule uji ungeweza kumwangukia nani.

Mlango wa pili alikaa mama mmoja mjane, muuza vitumbua. Alipoona bandeji akaniuliza, nikamwambia yote. Akasema, "Saa hizo mimi niko macho, nawasha moto. Mlete akae na mimi." Nilidhani ananifariji tu. Kesho yake saa tisa alinigongea mwenyewe. Alitandika mkeka ukutani, mbali na jiko, akaweka benchi katikati, akamkalisha pale. Mwanangu, ambaye hakuwahi kutulia dakika tano, alitulia akitazama chuma cha vitumbua: vishimo saba, unga unamiminwa, unavimba, kijiti kinapita pembeni, kitumbua kinageuka. Vishimo saba, kisha saba tena. Alikuwa akipunga mikono kwa furaha kila kimoja kilipogeuka. Mimi nililala mpaka saa kumi na mbili. Sikumbuki usingizi mwingine mtamu kama ule maishani mwangu. Ikawa desturi, siku tatu kwa wiki, na neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa "geuza".

Nakueleza haya kwa sababu kwenye barua yako kuna sentensi niliyoirudia mara tatu: "siwezi kumwamsha". Umeugawa usiku wote kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Alipoona huwezi, mtoto wa miaka 11 akachukua zamu bila kuombwa. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa ya kumlaza kijana, kaeni wewe na mumeo, mchana, mkiwa mmeshakula, muulizane: usiku huu ni zamu ya nani? Simwambii baba akeshe kila siku. Dereva wa bajaji asiyelala anahatarisha roho yake na za abiria. Achague usiku miwili kwa wiki, ule ambao kesho yake anaweza kuingia barabarani saa nne. Usiku wake ukifika, wewe ulale chumba kingine au hata kwa jirani, na usiinuke ukisikia mlango unapigwa. Atakosea mambo mengi mwanzoni, mwache ajifunze. Halafu tazama uani kwenu ni nani ambaye saa nane au saa tisa kwake ni saa ya kazi: mpika maandazi, mlinzi anayerudi lindo, bibi anayeamka kuswali. Mtu unayemjua na kumwamini kabisa, na wewe uwe hatua chache tu kutoka hapo. Wapangaji wanaosema ovyo mara nyingi hawajaelezwa. Waeleze.

Kuhusu kijana mwenyewe, anza na maumivu. Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia jino linauma, sikio linauma, hajapata choo siku nne au minyoo inamwasha. Anaruka. Mpeleke kituo cha afya akaguliwe hayo, na uulize pia kuhusu kifafa, maana huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine na dalili zake nyingine huja usiku. Wakiona inafaa watakupa rufaa. Muhimbili wapo madaktari bingwa wa watoto na wa afya ya akili. Usimpe dawa ya mafua ili asinzie, hata kama duka la dawa wanakuuzia bila swali.

Kisha kiangalie kitanda chake kwa macho yake. Chandarua chenu ni cha duara? Wangu alikuwa analia kila chandarua kikimgusa shavu, na cha duara humwangukia mtoto usoni akijigeuza. Tuliponunua cha pembe nne, kikasimama wima mbali na mwili, tulipunguza nusu ya vita. Kata lebo ya shingoni kwenye nguo ya kulalia. Chai ya rangi jioni iache, hata nusu kikombe, na soda pia. Mpe uji au maziwa. Simu izimwe saa moja kabla ya kulala. Chora picha nne kwenye boksi la dawa ya meno ulilokata: beseni, bakuli, mswaki, kitanda. Zibandike ukutani kwa mpangilio huo, na kila jioni umshike kidole aguse moja moja mnapoifanya. Usiruke hata moja, hata umeme ukikatika. Wiki ya kwanza utaona kama unapoteza muda. Mimi niliona mabadiliko wiki ya tano.

Na komeo. Umesema anapiga mlango, basi siku moja utafunguka. Weka komeo juu kabisa, asipofikia, lakini ambalo mtu mzima analifungua haraka gizani moto ukitokea. Wangu alitoka masika mmoja tukamkuta ameinama juu ya mtaro uliojaa maji. Watoto wetu wengi huvutwa na maji, na hawajui kina. Andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika upande wa ndani wa pindo la shati lake.

Mama mkwe usigombane naye. Akisema "kwetu hakuna", anaogopa. Kumwombea mtoto dua hakumdhuru, mwambie aombe, tena sana. Lakini chale, kufukizwa, kufungwa kamba, kunyweshwa dawa isiyojulikana, hayo ukatae, na anayekataa awe mumeo, maana ni mama yake. Kisha mpe kazi. Aje wiki mbili akae nanyi, yeye ndiye awe mwenye picha za ukutani jioni. Bibi aliyeguswa mkono na mjukuu akaonyeshwa picha ya kitanda hazungumzii tena kijijini kwa haraka.

Binti yako mwondoe zamu leo hii. Leo. Mwambie kwa mdomo wako: "Usiku si kazi yako, ni yetu sisi wakubwa." Alale mbali na mlango wa mdogo wake kadiri chumba kinavyoruhusu. Na umtafutie saa mbili za Jumamosi ambazo mdogo wake hayumo kabisa: msukane, mwende gulioni, mle mihogo ya kukaanga. Asipotaka kuongea usimlazimishe. Kwa mwalimu wake rudi umweleze hali ya nyumbani.

Umeniandikia ukurasa mzima na hukusema lini ulikula ukashiba, wala lini ulicheka. Kama machozi hayakauki wiki ya pili sasa, chakula hakipiti na kila kitu hakina ladha, hiyo ni sonona, ni ugonjwa na unatibika. Mwambie daktari siku ile ile unayompeleka mtoto. Na likikujia wazo kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje kukuche, mwamshe mumeo. Hapo ndipo unaweza kumwamsha, hata kama alirudi saa tano.

Niandikie mwezi ujao uniambie mlichagua usiku gani.

Shangazi, mimi ni baba wa mtoto wa miaka 9 mwenye usonji, tupo Tabata. Kila tukipanda daladala anaziba masikio, anapiga kelele, mara nyingine anajitupa chini. Abiria wananiambia nimchape, anadeka. Nifanyeje?
Baba wa Tabata

Usimchape, baba. Mtoto anayedeka hukutazama kuona kama anashinda. Wako hamtazami mtu, ameziba masikio: joto, jasho la watu, honi, muziki wa dereva na konda anayepiga bodi vinamwingia vyote kwa pamoja na havitoki. Kiboko kinaongeza kingine juu yake.

Kama safari si ya lazima asubuhi, mtoke saa nne, watu wamepungua. Kaeni dirishani, upande usiopigwa na jua, mbali na spika. Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wanauza vile vizuia kelele wanavyovaa mafundi kichwani. Mvalishe kwanza nyumbani siku kadhaa, dakika chache chache, ndipo mpande navyo. Gari likibadili njia ghafla mwonyeshe kwa kidole mnakoelekea, umwambie maneno machache yale yale kila siku, kwa sauti ya chini. Akishindwa kabisa, shukeni. Kituo kimoja kwa miguu si aibu.

Kwa abiria uwe na sentensi moja umeizoea, usiitafute wakati mtoto amelala chini. Mimi yangu ilikuwa: "Mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza, naombeni nafasi kidogo." Mwambie konda mapema, kabla hamjakaa. Wengi watapunguza muziki. Yule wa njia yetu ya Temeke alifika mahali akituona kituoni anauzima mwenyewe kabla gari halijasimama.