Kabla Hujalipa Karo ya Shule Kongwe ya Kikatoliki

Juzi dada mmoja wa Malaba, hapa Uganda, aliniandikia: "Kaka, mwanangu kapata nafasi ya S1, kidato cha kwanza, katika shule ya wamisionari. Majirani wanasema shule hizo zimebaki na jina tu, nimpeleke hizi mpya zinazobandika matokeo barabarani. Nifanyeje?" Kila matokeo ya P7, darasa la mwisho la msingi, yakitoka naulizwa hivyo, basi wacha nijibu hapa tusome wote.

Mimi nimesoma Namilyango, ile ya kupandia Seeta, na najivunia. Ilianzishwa mwaka 1902 na wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki, chini ya Askofu Henry Hanlon. Miaka kumi kabla ya hapo, 1892, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana Mengo, makao ya mfalme wa Buganda. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, kwa sababu mapadre wao wa kwanza, White Fathers waliofika 1879, walitoka Ufaransa. Waprotestanti nao wakaitwa Waingereza. Mill Hill wakaja 1895 kutoka Uingereza, watu waone kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa upande wa Wafaransa. Shule yao ilikuwa ya watoto wa machifu. White Fathers wakafuata na ile ya Kisubi mwaka 1906, na wasichana wakapata Namagunga mwaka 1942 kwa juhudi za Mama Kevin, sista kutoka Ireland.

Baba yangu hakuwa chifu. Alikuwa dereva wa lori, Mombasa–Kampala, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Nilipokuwa mdogo shule moja ya Kampala ilinikataa. Mwalimu mkuu alimwambia baba, nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, nitawaharibu wenzangu. Baba alinishika mkono tukatoka, hakusema neno hadi stendi. Mpaka leo linaniuma. Sasa mtaala ulioanza 2020 umefanya Kiswahili somo la lazima S1 na S2, na watoto wa waliotucheka wanatafuta mwalimu wa kuwafundisha jioni. Namilyango hakuna aliyeniuliza baba yangu ni nani. Waliniuliza kama naweza kusoma.

Na tulisoma kweli. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa anainua bureti, lile bomba la kioo la kupimia, kwenye mwanga wa dirisha kabla hujaanza titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi au alkali. Akiona tone moja limeng'ang'ania kwenye kioo, unarudi kuosha. Ukimletea vipimo visivyokaribiana, anavikata kwa wino mwekundu: rudia. Wenzako wako kwenye foleni ya posho (ugali) na maharage, wewe bado uko maabara. Tulinung'unika sana, lakini kwenye mtihani wa vitendo mikono haikutetemeka.

Kwa hiyo dada yangu, nenda ukaione maabara. Usiridhike na kanisa zuri na picha za maaskofu ukutani. Angalia kama chupa zina vumbi, kama vitabu vya maktaba vina mihuri ya kuazimwa mwaka huu. Usihesabu waliopata pointi 20 za S6, ambazo ndizo za juu kabisa, peke yao. Uliza aliyeshika mkia alipata nini, na wangapi waliondolewa kimyakimya kabla ya kusajiliwa UNEB, baraza la mitihani. Ziko shule zinazofukuza wanyonge ili bango lipendeze.

Muulize pia mkuu wa shule amekaa hapo muda gani. Tangu sheria ya elimu ya 1963, shule hizi nyingi zinaendeshwa na serikali. Kanisa limebaki mwanzilishi mwenye sauti, lakini wakuu wanahamishwa, na mkuu mmoja anaweza kuinua au kuangusha kilichojengwa miaka mingi. Ukongwe pekee haufundishi mtoto hesabu.

Wazazi wenzangu, tuache kununua majina. Mungu ametukabidhi watoto, si mabango. Mtoto anahitaji mwalimu anayemrudisha akaoshe bureti, awe padre, sista au mlei. Nendeni mkaone kwa macho yenu, nasema tena, maabara!

Swali moja zaidi, dada. Siku hizi asilimia 20 ya alama za S4 inatokana na kazi za darasani na miradi. Waombe wakuonyeshe mradi mmoja wa mwanafunzi wa S3, pamoja na alama na maoni ya mwalimu. Wakikuletea upesi, kalipe karo. Wakianza kutazamana, mpigie simu mumeo mtafute kwingine kabla nafasi hazijajaa.