Takwimu za silaha: uliza kwanza kilichohesabiwa

Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2017, vikao vya usalama wa mpakani hapa Mtwara havikosi mtu mwenye karatasi ya takwimu za silaha. Karatasi za aina hiyo ndizo kazi yangu. Kwa mnaoanza, ushauri wangu ni huu: kabla ya kutazama chanzo kinasema ngapi, tazama kimehesabu nini.

Wengi hukimbilia SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani iliyoko Stockholm. Kwa silaha kubwa, yaani ndege, meli, vifaru na makombora, nami naiamini. Kumbukumbu zake zinaanzia 1950. Ila kipimo chake cha TIV, kinachokadiria uwezo wa kijeshi wa silaha, si pesa. Ni kama kilo na daraja la korosho ghalani, havikuambii mnada ulifungwa kwa bei gani. Ukilinganisha TIV na bajeti ya nchi, umeandika upuuzi. Tena bunduki za mkononi kwa sehemu kubwa hazimo.

Takwimu za forodha za Comtrade, hazina ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za biashara, sura ya 93 inayohusu silaha, zisome mstari kwa mstari. Kifungu 9303 kimechanganya bunduki za kuwindia na bastola za kurushia fataki za ishara baharini. 9304 kina bunduki za upepo na virungu. Vifaru utavikuta 8710, meli za kivita 8906. Sasa mtu anachukua jumla ya sura nzima na kuiita "manunuzi ya jeshi"!

Rejista ya silaha ya Umoja wa Mataifa, ambamo nchi huripoti zilichouza na kununua, ni ya hiari, kwa hiyo nchi kutoripoti si ushahidi kwamba haikununua. Tafuta ripoti ya muuzaji.

Lakini kwetu huku shida kubwa iko kwingine. Waasi wa ng'ambo ya Ruvuma wamejipatia bunduki nyingi kwa kuteka vituo vya serikali. Bunduki hiyo iliingia nchini kihalali, pengine ikaandikwa mara moja, basi. Baada ya hapo kinachosaidia ni namba iliyochongwa kwenye chuma, na wanaoifuatilia ni watu kama Conflict Armament Research, shirika linalochunguza silaha za vitani zilikotoka. Gobore la fundi wa kijijini ndiyo kabisa, halijawahi kupita forodha. Kama sera yako inahusu magobore ya Nanyumbu, achana na Stockholm, kaombe polisi orodha ya silaha zilizokamatwa na zilizosalimishwa.

Mheshimiwa akidai namba moja ya "silaha zote zinazoingia kusini", mpe mbili, ya forodha na ya polisi, na umwombe asizijumlishe.