Maswali ya Wasomaji: Uliza Jina la Epo Kabla ya Kutazama Rangi

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu tufaha, au epo kama linavyoitwa kuanzia soko la Mwanjelwa, Mbeya, hadi soko la Njombe. Wasomaji wa pwani wasichanganyikiwe: tofaa la kwao, lile lenye nyama nyeupe laini kama sifongo, ni tunda la mti mwingine kabisa. Barua nyingi zina kilio kimoja, kwamba epo ilipendeza machoni lakini mdomoni ikawa unga. Tunaanza na hicho.

Shikamooni wahariri. Mwezi wa pili nilinunua epo Mwanjelwa, zilikuwa tamu na zinakatika kwa mlio. Desemba nikachagua nyekundu kuliko zote, watoto wakazikataa, zilikuwa kama unga wa kukaanga. Nimekosea wapi? *Mama wa watoto watatu, Uyole, Mbeya*

Marahaba, mama. Umefuata wekundu, na wekundu wa epo unasema machache sana. Unategemea aina ya tunda na jua lililolipata. Kuiva ni jambo jingine.

Epo nyingi za kwenye maboksi zinatoka Afrika Kusini. Kule Gala huanza kuchumwa mwishoni mwa Januari, Golden Delicious hufuata Februari na Machi, Granny Smith ya kijani Machi na Aprili, Fuji Aprili, na Pink Lady hufunga msimu Aprili hadi Mei. Baada ya hapo miti haina kitu mpaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo epo ya Desemba imeshakaa miezi saba au zaidi kwenye chumba cha baridi ambamo oksijeni imepunguzwa hadi asilimia 1 au 2, ili tunda lipumue polepole. Granny Smith, Fuji na Pink Lady huvumilia kifungo hicho. Starking, ile nyekundu iliyokolea yenye vinundu vitano kitakoni, hubaki na rangi yake nzuri huku nyama ikilegea. Bila shaka ndiyo uliyonunua.

Tungekushauri hivi: Februari hadi Mei nunua Gala kwa ajili ya watoto, ni tamu na ganda lake ni jembamba. Juni hadi Septemba karibu kila aina bado ni nzuri. Kuanzia Oktoba shikilia Fuji na Pink Lady kwa kula, Granny Smith kwa kupika, na Starking iache hata ikiuzwa bei ya kutupa.

Muuzaji asipojua jina, soma stika. Namba zenye tarakimu nne hutaja aina na ukubwa: 4015 na 4016 ni kundi la Red Delicious, ambamo Starking imo, 4017 ni Granny Smith kubwa, 4020 Golden Delicious kubwa, 4129 na 4131 ni Fuji, 4173 na 4174 ni Royal Gala. Tarakimu tano zinazoanza na 9 maana yake imelimwa bila kemikali za viwandani. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu ubora wala tarehe ya kuchumwa.

Halafu tumia mkono. Kati ya epo mbili zenye ukubwa sawa, chukua nzito. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba karibu na kikonyo: ikibonyea, iache. Ipige kwa ukucha: ngumu hutoa mlio mkavu, ya unga hutoa mlio wa kufa. Kwa zile nyekundu, tazama rangi ya chini, pale kwenye shimo la kikonyo ambapo wekundu haujafika. Kijani kilichofifia kuelekea manjano ni sawa; manjano iliyokolea ni ishara kwamba imepita wakati wake.

Boksi moja lina namba 100, jingine 125, jingine 150. Ninauza rejareja stendi. Nichukue lipi? *Mfanyabiashara, Makambako*

Hiyo ni idadi ya matunda ndani ya boksi. Boksi la kilo 18 lenye namba 100 lina epo za gramu 180 hivi kila moja. 125 ni gramu 145. 150 ni gramu 120. Kwa anayeuza moja moja kwa abiria, 150 hukupa vipande vingi zaidi kwa uzito uleule. Faida ya pili wengi hawaijui: epo ndogo hutunzika kuliko kubwa ya aina ileile. Kubwa hulainika mapema na ndiyo hupata zaidi madoa ya ndani.

Habari za kazi. Huwa tunanunua boksi zima kwa ajili ya familia. Naliweka stoo pamoja na viazi mviringo, karoti, kabichi na parachichi. Epo zinasinyaa, karoti zinakuwa chungu, parachichi zinaiva zote siku moja. Stoo ni ya baridi, sielewi tatizo. *Baba wa familia, Mafinga*

Nzuri, ndugu yetu. Stoo yako haina kosa. Jirani ndiye mbaya. Epo inayoiva hutoa gesi ya ethilini, isiyoonekana wala kunuka kwa kiwango hicho, nayo huyaamrisha mazao mengine kuiva au kuzeeka. Parachichi huitikia haraka kuliko vyote. Karoti hutengeneza uchungu ambao hautoki hata ukipika. Kabichi hugeuka manjano na majani kudondoka. Viazi navyo huipa epo harufu ya udongo. Viweke vyumba tofauti, au walau kona mbili za mbali zenye hewa inayopita.

Epo inapenda baridi ya nyuzi 0 hadi 4 na hewa yenye unyevu. Ikikaa mezani kwenye nyuzi 20, siku moja huilainisha kama siku kadhaa za friji. Kwenye friji iweke droo ya chini ya mboga, mbali na kigandishi, kwa sababu chini ya nyuzi -2 hivi nyama huganda na ikiyeyuka inakuwa kahawia yenye majimaji.

Asiye na friji, hasa wakati wa baridi kali ya Juni na Julai, afanye hivi. Toa epo zote, tenga zenye mchubuko, tundu au kikonyo kilichong'oka na kuacha jeraha. Hizo ni za kula wiki hii. Usioshe zilizobaki, maana maji yanayobaki kwenye kikonyo huanzisha ukungu. Funga kila moja kwa robo ya karatasi ya gazeti. Gazeti halizuii kuoza, linazuia ukungu wa moja usiguse ya pili. Panga kwenye boksi safu mbili tu, vikonyo vikielekea juu, kubwa zikae safu ya juu ili ziliwe kwanza. Inua boksi kutoka sakafuni kwa mbao, ukutani kusikopigwa na jua. Usiku fungua dirisha dogo, asubuhi funga. Kila Jumamosi pitia boksi lote na utoe inayoanza kuharibika.

Kwa utaratibu huo Fuji au Granny Smith iliyofika ikiwa ngumu hukaa wiki nne hadi sita bila friji katika miezi ya baridi. Gala na Golden zihesabie nusu yake. Golden husinyaa upesi kwa kuwa ganda lake halizuii maji vizuri. Tandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa juu ya boksi.

Gesi hiyohiyo inaweza kukutumikia. Parachichi tatu ngumu za Hass na epo moja ndani ya mfuko wa karatasi uliokunjwa mdomo: siku mbili au tatu, zimeiva.

Epo za dukani zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Ni sumu? *Mwanafunzi, Iringa mjini*

Ni nta. Epo ina nta yake ya asili, hupungua inaposafishwa kiwandani, kisha hupakwa nyingine inayolika, mara nyingi ya majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi uitwao carnauba au ya utomvu wa wadudu uitwao shellac. Haina madhara. Ukitaka kuipunguza, sugua kwa maji vuguvugu na kitambaa. Maji yanayochemka huifanya nta iwe nyeupe, na hapo ndipo watu hushtuka bure.

Natengeneza jamu ya pichi kwa ajili ya kuuza. Mara haigandi, inamwagika kama sharubati. Nikapata kipimajoto, maelekezo yanasema nyuzi 105. Nilipofika hapo ikawa ngumu kama pipi na imeungua chini. Nimesikia epo husaidia. Naombeni vipimo. *Dada mjasiriamali, Njombe*

Dada, una matatizo mawili tofauti. La kwanza ni pektini, kitu kinachoifanya jamu ishikane. Pichi iliyoiva inayo kidogo na haina uchachu wa kutosha. Granny Smith ina vyote viwili, na pektini nyingi imo kwenye ganda na moyo, sehemu ambazo watu hutupa.

Kata vipande epo za kijani gramu 400 pamoja na maganda na mioyo. Weka maji mililita 400, funika, chemsha kwa moto mdogo nusu saa hadi zilainike kabisa. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua kwa nguvu, la sivyo rangi ya jamu haitakuwa angavu. Mwaga rojo hilo kwenye kilo 1 ya pichi zilizomenywa na kutolewa kokwa, ongeza maji ya malimau mawili, pika dakika 15 bila sukari. Sukari ikiwahi, vipande hubaki vigumu. Sasa weka sukari gramu 800, koroga kwa moto mdogo hadi punje zote ziyeyuke, kisha ongeza moto, ichemke kwa nguvu. Tumia sufuria pana. Nyembamba na ndefu hukulazimisha kupika muda mrefu, na pektini iliyopikwa mno huvunjika, jamu inarudi kuwa sharubati.

La pili ni mwinuko. Nyuzi 105 ni kipimo cha usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 1 hivi. Kwa Njombe maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Kwa hiyo chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto chako, ongeza nyuzi 4 na nusu: hapo ndipo jamu yako inapoiva, yaani karibu nyuzi 98. Ulipofika 105 ulikuwa umepitiliza kwa nyuzi 7. Thibitisha kwa kisahani kilichokaa kwenye friji: dondosha tone, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Uso ukijikunja, ipua.

Jaza chupa za moto zilizochemshwa, bakiza nusu sentimita juu, funga, kisha zizamishe kwenye maji yanayochemka yakizidi vifuniko kwa sentimita 3. Iringa na Mbeya mjini dakika 10 zinatosha. Penye mwinuko unaozidi mita 1,800, kama kwako, iwe dakika 15. Kifuniko kikibonyea na kurudi baada ya kupoa, chupa hiyo haijafunga. Iweke friji uitumie nyumbani, usiiuze.

Epo nikizikata kwa ajili ya sherehe zinakuwa nyeusi kabla wageni hawajafika. Na je, kusaga juisi na mbegu zake kuna shida? *Mpishi, Tukuyu*

Kimeng'enya kilichomo ndani hukutana na hewa, ndiyo maana. Yeyusha chumvi nusu kijiko cha chai kwenye lita 1 ya maji ya baridi, loweka vipande dakika tano, suuza haraka. Limau nalo linafaa, ila huacha ladha yake. Mbegu zitoe kabla ya kusaga. Zikimezwa nzima chache hazidhuru, lakini zikisagwa hutoa kemikali yenye sianidi, tena juisi inakuwa chungu.

Nina mti mmoja wa epo aina ya Anna, miaka minne. Maua mengi, matunda manane tu, nayo yana madoa ya kahawia chini ya ganda. Nitajuaje yameiva? *Mkulima, Makete*

Anna huhitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo. Panda Dorsett Golden umbali usiozidi mita 15 hadi 20, mche uliobebeshwa, si wa mbegu, kwani mbegu ya epo haizai tunda la mama yake. Usipulizie dawa ya wadudu wakati wa maua. Nyuki ndio wachavushaji wako.

Kata doa moja. Ukikuta tundu kwenye ganda na njia yenye funza, ni wadudu, huenda inzi wa matunda: okota yote yaliyoanguka uyafukie. Ukikuta nyama kavu ya kahawia kama gome, bila tundu, ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, unaozidi pale mti mchanga unapobeba matunda machache makubwa, mbolea ya kukuzia ikizidi, au maji yakikosa mpangilio. Punguza samadi, mwagilia kwa utaratibu, na matunda yakifikia ukubwa wa gololi pulizia kloridi ya kalsiamu gramu 5 kwa lita 1, jioni, kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu kuiva, nunua iodini duka la dawa, izimue kwa maji hadi iwe rangi ya chai nyepesi. Kata epo kwa upana, dondoshea, subiri dakika moja. Ikiwa nyeusi yote, bado ni wanga, iache mtini. Ikibaki nyeupe katikati na nusu ya nyama, chuma yatakayotunzwa. Ikiwa nyeupe yote, ni ya kula leo. Tunda la kipimo litupe. Na Anna usiipangie miezi: kwenye friji hesabu wiki tatu hadi sita, mezani wiki moja.