Kabla hujasema "hiki cha enzi za Barghash"

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya dirisha la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. "Kaka, vyuma hivi vya zamani kweli?" Nikacheka peke yangu, maana swali hilohilo liliwahi kuniumbua.

Ilikuwa Shangani, nina wageni sita nyuma yangu. Nikasimama chini ya roshani yenye maua ya chuma, kifua mbele: haya, jamani, ni ya enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya 19! Kijana aliyekuwa akipaka rangi mlango wa jirani akageuka. "Barghash gani? Hayo nimechomea mie, mwaka juzi." Akapanda, akakwangua rangi kwa msumari penye kiungo. Chini yake alama za kuchomelea zimelaliana kama magamba ya changu. Wageni wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, roho inauma. Hadi leo nikipita pale hutazama chini.

Basi tazama viungo. Mhunzi wa zamani hakuwa na mashine ya umeme. Alipiga ribiti, yaani misumari ya chuma ya kushikiza vipande, au alizungushia pete ya chuma ingali ya moto, ikipoa inabana. Na kwa kuwa alifua kwa nyundo, mikunjo miwili kama mkia wa kinyonga haifanani sawasawa.

Chuma cha kusubu ni habari nyingine. Hicho kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kukipa umbo, kwa hiyo ua la kwanza na la kumi ni pacha, na ukipapasa pembeni mara nyingi utakuta mstari mwembamba palipokutana nusu mbili za kalibu. Hakipindiki, huvunjika. Nguzo za Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, ni za kusubu. Miaka yote nimezipita nikielekea Forodhani bila kuzigusa, mpaka sehemu ya jengo ikaporomoka Desemba 2020 ndipo nikajifanya mpenzi wake.

Wanaokwambia uchukue sumaku wanakupotezea muda, inanasa cha jana na cha karne iliyopita. Nanyi vijana wa kutembeza wageni, acheni kukariri! Panda, gusa, muulize fundi kabla hujafungua mdomo. Viungo, viungo, viungo.

Dada wa Mkunazini, picha yako nimeikuza. Kushoto naona vichwa vitatu vya ribiti, hicho cha zamani, mwenye nyumba asije akakiuza chuma chakavu. Kulia kuna magamba ya changu.