Yanasikika sawa, maana mbalimbali: maswali ya Kiingereza kutoka Kusini

*Mwalimu, shikamoo. Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi. Fundi aliniandikia ubao "STATIONARY". Mteja mmoja kasema imekosewa, mwingine kasema yote sawa. Nimsikilize nani?*
Mama wa dukani, Lindi mjini

Marahaba, mama. Msikilize wa kwanza. Ukiandika "stationary" kwa "a", umesema kitu kimetulia, hakisogei, kama lori lililoegeshwa. Kalamu, madaftari na rimu za karatasi ni "stationery", kwa "e". Kwa mdomo hayatofautiani, ndiyo maana mafundi wengi wanateleza hapo. Shika "e" ya "envelope", yaani bahasha, hutasahau.

Hata hivyo fundi wako hakupotea mbali. Zama za kati huko Ulaya, muuza vitabu aliyekuwa na kibanda cha kudumu, mara nyingi jirani na chuo kikuu, aliitwa kwa Kilatini "stationarius", kumtofautisha na wachuuzi wa kutembeza. Maneno yote mawili ni ya ukoo huo. Usilipie ubao mpya. Rangi kidogo kwenye herufi moja inatosha.

*Nabangua korosho. Msimamizi anasema daraja la bei nzuri ni "whole". Mimi najua "hole" ni shimo. Inakuwaje korosho yenye shimo ipendwe?*
Mbanguaji, Mtwara

Swali lako nimelipenda, kwa sababu linagusa mfuko wako. Ni maneno mawili. "Hole" ni shimo au tundu. "Whole", yenye "w" mbele, ni nzima, isiyovunjika. Hiyo "w" haisomwi kabisa. Waingereza walianza kuibandika karne ya 15, na kabla ya hapo neno liliandikwa bila hiyo. Ukoo wake ni mmoja na "heal", kuponya, na "health", afya. Kwa hiyo korosho "whole" ni ile iliyotoka ganda bila jeraha. Yenye tundu la mdudu ndiyo inayotolewa pembeni.

Ukiona boksi limeandikwa W320, hiyo "W" inasimamia nyeupe nzima, na namba inakueleza idadi: korosho zilizobanguliwa kama 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani karibu gramu 454. Ndiyo maana W180 ni kubwa kwa umbo kuliko W320, ingawa namba yake ni ndogo. Zikivunjika zinaitwa "pieces", vipande. Ukilisikia "piece" kanisani au kwenye hotuba, huenda ni "peace", amani. Sauti ni ileile. Sentensi ndiyo inayokuambia lipi ni lipi, kwa hiyo kila neno lijifunze pamoja na maneno linaloandamana nayo kazini kwako.

*Bandarini nasikia "birth" ya meli. Meli inazaliwa?*
Kibarua, Mtwara

Haizaliwi, ndugu yangu. Hilo ni "berth", nafasi ya meli kufunga gatini. "Birth" ni kuzaliwa, lile la kwenye cheti chako. Jihadhari pia na "quay", gati, ambalo husomwa "kii" sawasawa na "key", ufunguo. Na "draught", kina cha sehemu ya meli iliyozama majini, husomwa kama "draft", rasimu.

*Nikisoma "rice" darasani wenzangu wanacheka, wanasema nimesema "lice". Nyumbani tunaongea Kimakonde. Nifanyeje?*
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Newala

Mwanangu, huna ugonjwa wowote. Wengi waliokulia kwenye Kimakonde, Kimwera au Kiyao hubadilishana "r" na "l", na ulimi hufuata ulichozoea. Mwalimu anayekiachia kicheko hicho darasani anamfunga mtoto mdomo, na hilo silikubali hata kidogo.

Lakini tofauti ujifunze, kwa kuwa "rice" ni wali au mchele na "lice" ni chawa. Simama mbele ya kioo. Kwa "l", ncha ya ulimi inagota kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu. Kwa "r" ya Kiingereza, ncha haigusi popote. Inainuka kidogo na kuachwa hewani, midomo ikijikusanya. Sema polepole "road", barabara, kisha "load", mzigo. Halafu "pray", kusali, na "play", kucheza. Fanya kwa sauti, kila siku kidogo, usisome kimoyomoyo.

Ukishaliweza hilo, nenda kwenye "live" na "leave". Kiswahili kina irabu tano tu, na "i" yetu iko jirani na ile ya "leave", kuondoka. "Live", kuishi, inataka sauti fupi, mdomo ukilegea. Usipotofautisha, utamwambia mgeni unaondoka Newala kumbe ulitaka kusema unaishi hapo.

*Kwa nini Waingereza wanaandika herufi wasizozisoma, kama "know" na "night"?*
Mzee, Nachingwea

Zamani walizisoma, mzee wangu. "K" ya "know" ilisikika, na "gh" ya "night" ilikwaruza koo karibu na "kh" ya Kiarabu. William Caxton alipoleta mashine ya uchapaji Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi huku midomo ya watu ikiendelea kubadilika. Ndivyo "know" ilivyokuja kufanana na "no", na "sea", bahari, ikafanana na "see", kuona, ingawa awali zilitamkwa tofauti. Ya "debt", deni, ni kesi nyingine. "B" yake haikuwa ikisomwa kwa Kiingereza. Wasomi waliichomeka ili neno lifanane na Kilatini "debitum".

*Kwenye barua ni "advice" au "advise"?*
Mwombaji kazi, Masasi

"Advice", kwa sauti ya "s", ni ushauri. "Advise", kwa sauti ya "z", ni kushauri. Andika "I need your advice", na "Please advise me".